Daftari la Wiki: Kiingilio cha Mashine ya Poka

Bei imeandikwa kiooni

Mashine ya poka ya video haina mengi. Unaweka dau, inakugawia karata tano, unabakiza unazozitaka, inakubadilishia nyingine, na mkono umekwisha. Aina inayomfaa anayeanza ni ile inayoanza kulipa kwenye jozi ya J, Q, K au ree. Bei ya kuicheza iko waziwazi kwenye jedwali la malipo, ila wageni wengi hukaa, wakalisha noti, wala hawaisomi.

Mistari ya kutazama ni miwili. Wa kwanza ni wa fulu hausi, yaani karata tatu zinazofanana pamoja na jozi. Wa pili ni wa flashi, karata tano za alama moja. Mistari hiyo ikilipa 9 na 6 kwa kila sarafu, mchezaji asiyekosea hurudishiwa kwa wastani dola 99.54 katika kila dola 100 anazozungusha. Ikilipa 8 na 5, hurudishiwa 97.30. Ikilipa 6 na 5, ni kama 95 tu. Mashine hizo tatu zinaweza kukaa ukumbi mmoja, zina taa zilezile na viti vilevile. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kutunza pesa hufanywa mtu akiwa bado amesimama.

Karata 52, basi

Hesabu hizo zinawezekana kwa sababu ya kanuni. Katika jimbo la Nevada, mashine inayoonyesha karata inatakiwa igawe kama pakiti halisi, kila karata kati ya 52 ikiwa na nafasi sawa na nyingine. Ndiyo maana mtu mwenye kalamu na subira anaweza kusoma jedwali na kuupigia hesabu mchezo mzima. Mashine za dubwi zilizosambaa kwenye mabaa na vibanda vyetu haziko hivyo. Picha za matunda zinazozunguka hazimwambii mchezaji kila tunda lina nafasi ngapi. Hapo hakuna ustadi mwingine wa pesa zaidi ya kuamua mapema sarafu ya mwisho ni ipi.

Niende na ngapi?

Mpwa wangu anakwenda Las Vegas Januari kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki. Katikati ya maswali ya viza na koti la baridi akachomeka hili: "Mjomba, nikitaka kuzijaribu zile mashine, niende na ngapi?"

"Unataka kucheza muda gani?"

"Jioni mbili tu. Saa mbili, saa mbili."

Hapo alikuwa ameshaanza vizuri kuliko wengi, maana wengi huanza na kiasi wanachotaka kushinda. Mashine ya robo dola, ukiweka sarafu zote tano, inakula dola 1.25 kwa mkono. Mgeni anayefikiri kabla ya kubonyeza atacheza kama mikono 300 kwa saa. Saa nne ni mikono 1,200, yaani dola 1,500 zimezungushwa. Kwenye mashine ya 9 na 6, ikiwa mkono mkubwa kuliko yote, nitakaoueleza mbele, hautatokea, saa hizo zitamgharimu kwa wastani kama dola 37. Bahati inaweza kumsogeza dola 80 juu au chini ya hapo bila ajabu yoyote, na mara chache hata dola 170. Makosa ya ugeni yana bei yake pia.

Nikamwambia dola 200, katika bahasha mbili, na ya pili ibaki hotelini jioni ya kwanza. Akiikuta mashine ya 6 na 5 tu, gharama ya saa zilezile inapanda hadi takriban dola 100, na bahasha zangu hazitoshi tena. Hapo atembee akaone taa za mjini.

"Na nikishinda, mjomba?"

"Ulichoshinda hakiingii kwenye bahasha ya kesho. Kinapanda ndege."

Pesa hiyo ni kiingilio. Aliyelipa kiingilio cha mechi hadai chake filimbi ya mwisho ikipulizwa, hata timu yake ikifungwa.

Kasi ina bei

Mzoefu hucheza mikono 600 kwa saa, wengine zaidi. Kwenye mashine ya robo dola hizo ni dola 750 zinazopita mkononi kila saa, ingawa mtu aliingiza noti ya 100 tu na anaamini anacheza na 100. Mezani kuna mgawaji, kuna wenzako wanaokuna vichwa, kuna kuchanganya karata. Kwenye mashine hakuna anayekuchelewesha isipokuwa wewe mwenyewe. Ukipunguza kasi kwa nusu, umepunguza gharama ya saa kwa nusu, na hakuna fomula iliyohitajika.

Sarafu tano au moja?

Wazoefu watakwambia uweke sarafu tano kila mara. Wana sababu: mkono mkubwa hulipa sarafu 4,000 ukiweka tano, lakini 250 tu ukiweka moja. Kwa sarafu moja marejesho ya mashine ya 9 na 6 hushuka kutoka asilimia 99.54 hadi 98.37.

Asilimia ni kweli, lakini mfukoni huingia na kutoka dola. Kwa mikono 300, mchezaji wa sarafu tano za robo dola huzungusha dola 375, na wa sarafu moja huzungusha 75. Hata kwa marejesho yale mabaya zaidi, wa sarafu moja hutarajia kupoteza kama dola 1.20 kwa saa, na wa tano kama 1.70. Na ukiutoa mkono mkubwa kwenye hesabu, kama ambavyo jioni nyingi hutoka zenyewe, pengo ni kubwa zaidi: chini ya dola 2 dhidi ya 9 hivi. Ushauri wa sarafu tano uliandikwa kwa anayekaa kwenye mashine miaka. Anayejifunza kubakiza jozi na kutupa ree anaweza kujifunza kwa sarafu moja bila aibu.

Dola 1,000 za ndoto

Huo mkono mkubwa ni royali flashi: 10, J, Q, K na ree, zote za alama moja. Hutokea mara moja katika mikono 40,000 hivi. Kwa kasi ya mpwa wangu, hizo ni zaidi ya saa 130 za kukaa. Mkono huo hulipa dola 1,000 kwenye mashine ya robo dola, na karibu asilimia 2 ya marejesho yote yanayotangazwa yamefungiwa humo. Yaani mashine ya 99.54, kwa jioni ya kawaida, ni mashine ya 97.5. Fungu la anayeanza lipangwe kana kwamba mkono huo haupo. Ukija, uje kama mgeni ambaye hakupikiwa.

Maradufu

Kila baada ya muda mtu huugundua upya ule mpango wa kupandisha dau maradufu kila akipoteza. Kwenye mashine hii, zaidi ya nusu ya mikono hailipi kitu. Mikono minane mfululizo ya patupu ni jambo la kutarajiwa mara moja hivi kila saa kwa mikono 300. Aliyeanza na dola 1.25 akapandisha maradufu atakuwa ameshatoa dola 318.75, na mkono wa tisa unamdai 320. Mashine yake ya robo dola wala haipokei dau hilo, kwa hiyo njiani atakuwa amehama mashine kadhaa, kila mara akielekea penye dau kubwa zaidi. Na jozi ya J ikimtokea mkono huo wa tisa, mashine itaimba na kuwaka, kisha itamrudishia dau lake tu. Zile 318.75 hazirudi.

Brooklyn, 1891

Mashine za poka ni kongwe kuliko umeme wa nyumba nyingi. Mwaka 1891 kampuni ya Sittman and Pitt ya Brooklyn ilitengeneza mashine ya mapipa matano yenye picha za karata, ambayo mabaa yaliilipia zawadi za bia na sigara. Karata zilikuwa 50. Mbili zilizotolewa kwa kawaida zilikuwa 10 ya shupaza na J ya kopa, na hivyo nafasi ya kupata royali flashi ilikatwa nusu bila mteja kuona pengo. Mwaka 1979 kampuni ya Si Redd, ambayo baadaye iliitwa IGT, ilitoa mashine ya poka ya kioo iliyousambaza mchezo huu Nevada. Karata zikarudi kuwa 52. Faida ya mwenye nyumba ikahamia kwenye jedwali la malipo, mahali ambapo kila mtu anaiona akitaka.

Fomula na sheikh

Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa Bell Labs, alichapisha fomula ya kumwambia mcheza kamari aweke sehemu gani ya mtaji wake kila mara. Wachezaji wa kulipwa wanaiheshimu mpaka leo. Kadiri mchezo unavyokupendelea, ndivyo inavyokuruhusu kuweka zaidi. Mchezo usipokupendelea, jibu lake ni sifuri. Na kwa mashine ya 9 na 6, nzuri kuliko nyingi atakazoziona mgeni, jibu ni sifuri. Sheikh wa mtaani kwetu alifika kwenye jibu hilohilo bila fomula.

Kutunza fungu, basi, hakugeuzi mchezo wa hasara kuwa wa faida. Kunaamua tu hasara itakuwa kubwa kiasi gani na itachukua muda gani.

Pochi moja

Bahasha za mpwa wangu zitamsaidia kwa sababu ikiisha ya kwanza, ya pili iko ghorofani. Itabidi ainuke, apite watu, apande lifti. Katika mwendo huo akili hurudi. Kwetu anayebeti kwenye simu hana mwendo huo. Mkeka ukichanika, dau linalofuata liko kwenye pochi ileile ya ada, unga na LUKU, na mkopo wa simu uko menyu ileile. Anayetaka fungu la kweli alitenge mwanzo wa mwezi, mahali pengine kabisa, na aandike kila kinachotoka na kinachorudi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ya kamari hupotea haraka zaidi, maana ushindi husimuliwa kijiweni na hasara hunyamaziwa.

Fungu la mwezi likiisha tarehe 9 na kidole kikaanza kutafuta menyu ya mkopo, hesabu zote za hapo juu hazina kazi tena. Hapo mwambie mtu wa nyumbani siku hiyohiyo, na umkabidhi laini yenye pesa kabla ya mshahara mwingine kuingia.