Bunduki Haipewi Mlevi

Ndugu wanachama, zama za Mjerumani askari walipikiwa pombe vijijini mwao, kando ya maboma. Utawala huo ndio uliomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, Kilwa Kivinje, mwaka 1895. Bunduki ya mkoloni ilimwelekea raia.

Leo jeshi ni letu, na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 yauhesabu ulevi wa mwanajeshi kuwa kosa. Basi mkubwa amwonaye askari wake akiyumba njiani, akanyamaza, ni mshirika wake. Twataka sheria impate afisa kama kuruta, Kilwa, Lindi na visiwani kwetu. Bunduki ni amana ya raia. Mlevi hajilindi mwenyewe; atatulindaje sisi?