Acheni Kununua Vitu vya Bure

Wasee, tuongee ukweli. Kila ukifungua simu kuna kocha anakuuzia darasa la Zoom, thao moja na mia tano, ati "siri za kupata pesa za serikali." Siri gani? Hii ni sheria ya nchi, imeandikwa.

Chukua AGPO. Asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ukishasajili biashara yako, cheti cha AGPO unaomba mtandaoni na ni bure. Bado kuna broka anakuchaji. Uwezo Fund inakopesha vikundi bila riba, mnalipa asilimia 3 ya usimamizi basi. Youth Fund iko tangu 2006, inakopesha na inafunza. Ajira Digital inafunza kazi za mtandaoni na haitaki hata shilingi yako. Na pale Huduma Centre, kuuliza hakulipiwi.

Kusajili jina la biashara eCitizen kuna ada, sikatai. Lakini hiyo unalipa serikali, sio mtu wa inbox.

Najua utaniambia, "Lakini ananiokolea muda." Sawa. Jamaa wa saiba akikujazia fomu kwa soo, hiyo ni kazi, mlipe. Shida ni yule anayesema ana "mtu ndani." Kama anadanganya, umeibiwa. Kama hadanganyi, umetoa hongo. Hakuna mahali unashinda hapo.

Na serikali msijifiche nyuma yangu, lawama ni yenu pia. Mnatangaza tenda kwa Kizungu kizito, kwenye tovuti inayokwama, halafu mnashangaa vijana hawaombi. Mlipokaa kimya ndipo broka alifungua duka. Bandikeni hatua zote kwa Kiswahili kwa kila ofisi ya chifu, muone kama huyo kocha atauza tena.

Si ati kila anayeomba anapata. Na mkopo ni deni, hata wa serikali, utalipa. Lakini ukikosa, angalau ukose ukiwa na hiyo thao na mia tano yako mfukoni. Hiyo ni stock ya smokie na mayai ya kuanzia.

Kwa hivyo kabla ya kutuma M-Pesa, uliza Huduma kwanza. Na wewe umeshapata cheti, weka hatua zako kwa grupu ya mtaa. Usiuze. Sambaza.