Kadi ya bima isifichwe kwa haya

Mzee mmoja alifika ofisini kwetu akitaka kuuza sehemu ya kihamba, apate ada ya nyumba ya upataji nafuu kwa mwanawe aliyezama katika unga. Kadi ya bima anayo, ila alichelea kuaibika akiuliza.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba. Tangu huduma ianze Muhimbili mwaka 2011, kliniki za Serikali huwapa waraibu wa heroini methadoni bila malipo. Kabla ya kuuza ardhi, waulizeni wahudumu wa Hospitali ya Mkoa, Mawenzi, kliniki ya karibu iko wapi. Kisha waulizeni watu wa bima kadi inalipia nini: daktari, vipimo, kulazwa.

Unga ni haramu. Kumtibu aliyenaswa nao ni wajibu. Wabillahi tawfiq.