Sheria Gani Inawakataza?

"Sheria imekataza." Hilo ndilo jibu utakalopewa Goma, kuanzia Birere hadi Katindo, ukiuliza kwa nini mtu aliyezaliwa akaitwa mvulana, na leo anaishi kama mwanamke, apigwe barabarani huku majirani wakitazama. Sheria ipi? Kanuni ya adhabu ya Kongo haina kifungu kinachomtaja mtu transjenda. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2006, ambacho wengi hukikimbilia, kinahusu ndoa: kila mtu ana haki ya kufunga ndoa na amtakaye wa jinsia nyingine. Hakigusi nguo za mtu, jina lake wala mwendo wake. Kifungu cha 12 kinasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria, na cha 16 kinasema utu wa binadamu ni mtakatifu. Kilichobaki ni kifungu cha 176 cha kanuni ya adhabu, kuhusu kuvunja maadili hadharani, chenye maneno mapana kiasi kwamba askari anajiamulia mwenyewe nani amekosa. Mwaka 2013 mbunge Steve Mbikayi alipeleka bungeni mswada wa kuwafunga wapenzi wa jinsia moja na watu transjenda. Haukupita. Na kama sheria ilikuwepo tayari, mswada ule ulikuwa wa nini?

"Ni mambo ya Wazungu." Walugbara wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kongo, kule Aru, Ituri. John Middleton, aliyefanya utafiti kati yao katikati ya karne ya 20, aliandika juu ya waaguzi wa mizimu walioitwa okule, wanaume walioishi kama wanawake, na agule, wanawake walioishi kama wanaume. Sidai kwamba maisha yao yalifanana na ya kijana wa Goma wa leo. Nadai kwamba hawakufundishwa na Ulaya. Kanuni ya adhabu ndiyo iliyoletwa na Wabelgiji, kwa amri ya tarehe 30 Januari 1940.

"Wanaharakati wao wamenunuliwa." Goma ingepaswa kuwa ya mwisho kusema hivi. Vuguvugu la LUCHA lilizaliwa hapa mwaka 2012, vijana wakidai maji na kazi. Fred Bauma, mmoja wao, alikamatwa Kinshasa Machi 2015 akashtakiwa kwa njama dhidi ya mkuu wa nchi, akakaa gerezani zaidi ya mwaka. Tunajua vizuri jinsi anayedai haki anavyopakwa matope ili madai yake yasijibiwe.

Wengine wanaogopa kwamba haki za watu transjenda zitapunguza za wengine. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani libadilishe jina la Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, kwenye cheti chake cha sekondari na kuondoa alama ya jinsia. Hakuna mwanafunzi aliyenyang'anywa cheti chake kwa ajili hiyo.

Hoja inayoniuma zaidi ni hii: "Vita kwanza, hayo baadaye." Naielewa, maana tangu waasi wa M23 wauteke mji Januari 2025 kila nyumba ina msiba wake. Lakini ni katika vita ndipo mtu husimamishwa kila mara aonyeshe kadi ya mchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Ikiwa sura na jina haviafikiani, yuko mikononi mwa mwenye bunduki. Ni katika vita pia ubakaji unazidi. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inatambua kwamba anayebakwa anaweza kuwa mwanamke au mwanaume, na dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Mtu transjenda anayejua kwamba atachekwa kwenye foleni ya kituo cha afya anabaki nyumbani, na saa hizo zinapita. Wauguzi wa Goma wanaweza kuzuia hilo kesho asubuhi, kwa kumwita mgonjwa kwa jina analojiita na kumpeleka chumba cha faragha.