Salama kwa Nani?

Wanafunzi wanaopata nafasi ya kusoma au kufanya kazi nje huniuliza: "Daktari, nchi ile ni salama?" Swali hilo halina jibu. Nchi ina bendera moja, lakini haina usalama mmoja. Hatari ina mahali pake, saa yake na mtu inayemlenga.

Tangu mwaka 2018 Marekani huzipanga nchi za dunia katika ngazi nne za tahadhari kwa raia wake. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Msumbiji walishambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Msiba ule ulikuwa wa kweli na ulistahili onyo. Lakini ngazi inayopewa Tanzania nzima ingemfundisha nini mgeni aliyekuwa akienda Ruaha kupitia Iringa, au Kyela kupitia Mbeya? Kidogo mno. Hatari iliyomkabili huyo ni barabara kuu ya TANZAM. Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, basi na lori viligongana na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Mteremko wa Kitonga haukagui pasipoti.

Nasi hatuna haki ya kuwacheka wageni. Mzazi wa Mafinga humwonya mwanawe juu ya vibaka wa Nairobi, kisha humpandisha basi la usiku bila kuuliza dereva amelala saa ngapi. Muscat na Dubai tunaziita salama kwa sababu mitaa yake ni tulivu. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilieleza habari za Watanzania, wafanyakazi wa nyumbani huko Oman na Falme za Kiarabu, walionyang'anywa pasipoti na kunyimwa mishahara, wengine walipigwa. Chini ya mfumo wa kafala, kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri wake. Mtalii na mtumishi wa ndani wanaweza kulala katika mtaa mmoja wenye utulivu, mmoja akiwa huru na mwingine mfungwa.

Basi ulizeni hivi: Nitasafiri kwa chombo gani, na saa ngapi? Nani amenialika, na mkataba unasemaje? Pasipoti yangu itakaa mkononi mwa nani? Nikidhulumiwa, ni nani anayelazimika kunisikiliza?

Nanyi watumishi wa umma, tahadhari za balozi za kigeni zikiwachukiza, msizijibu kwa matamko. Kagueni breki za malori kabla hayajafika Kitonga. Someni mikataba ya mabinti zetu kabla hawajapanda ndege. Fuatilieni saa za kazi za madereva, hasa sasa ambapo mabasi yameruhusiwa tena, tangu mwaka 2023, kusafiri usiku. Tumezoea kusema ajali ni kazi ya Mungu. Ukaguzi si kazi ya Mungu. Yupo mtu anayelipwa mshahara kuufanya.