Mawe ya Rufiji Yasomwe Kwanza

Kila masika Mto Rufiji humwaga tope jingi baharini. Katika maji hayo mazito matumbawe hayastawi; yamestawi ng'ambo, kandokando ya kisiwa cha Mafia, penye maji maangavu. Jambo hili, ambalo kila mvuvi wa Kibiti hulishuhudia, ndilo ufunguo wa elimu ya mawe ya chokaa.

Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, katika zama za Jura, bahari ya kina kifupi ilitanda juu ya sehemu za pwani hii. Mawe yake ya chokaa yaonekana hata leo katika milima ya Matumbi, kusini ya Rufiji. Wataalamu huyasoma mawe ya aina hiyo kwa kufuata kujaa na kupwa kwa bahari za kale. Bahari ilipokupwa kwa muda mrefu, mvua iliweza kulila jiwe na kuacha matundu. Ilipojaa tena, tope lilitanda juu yake. Jiwe lenye matundu huwa ghala. Tope lililoganda huwa kifuniko. Hazina ya mafuta ya Ghawar, Saudi Arabia, mojawapo ya kubwa kabisa duniani, imo katika chokaa ya zama hizo hizo.

Je, Rufiji nayo? Mawe ya mchanga yenye lami huko Wingayongo yathibitisha kwamba mafuta yalipata kupita humo. Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu hunyesha. Lami iliyofika juu yaweza pia kuwa ushahidi wa ghala lililovuja. Hata gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam mwaka 2004, imo katika mawe ya mchanga, wala si chokaa.

Kwa hiyo hapana budi mawe yasomwe kabla ya kutobolewa. Shirika la Maendeleo ya Petroli, lililoundwa mwaka 1969, liwape vijana wa vyuo vyetu nafasi ya kuchunguza sampuli za visima vya zamani, ili Taifa lisingoje kuelezwa na wageni kilichomo ardhini mwake.

Kisima kilichochimbwa kwa kubahatisha hula fedha za umma. Kikichimbwa deltani, huhatarisha pia mikoko, kamba na mashamba ya mpunga, riziki ambayo wananchi wa Kibiti wanayo tayari mikononi. Haifai iwekwe rehani kwa utajiri ambao bado haujathibitishwa.