Glavu kwa Akina Mama wa Kisii

Ukipanda vilima vya Kisii na Nyamira utakutana na akina mama wamejitwika ndizi, mtoto mgongoni, na mlima ungali mbele yao. Nguvu wanazo. Basi ngumi za nini? Mimi nasema, za kuwapa kujiamini.

Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Sidai kwamba glavu zingewaokoa. Lakini msichana aliyezoea kusimama wima na kumtazama mtu machoni haonewi ovyo, na hathubutu kunyamaza bibi yake anaposingiziwa.

Wakenya wa mfano wapo: Fatuma Zarika alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC mwaka 2016, na Christine Ongare alipata shaba ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018.

Sisi wa pwani tutauliza habari ya stara, nayo ni haki yetu. Mwaka 2019 mabondia wanawake wa ridhaa waliruhusiwa kuvaa hijabu ulingoni. Mwalimu akiwa mwanamke na mahali pakiwa pa faragha, sioni kizuizi kilichobaki ila mazoea.